Saa 3 ya nani? Shajara ya mradi wa panya, ini na bandama

14 Januari

Haya, nimeamua kuandika maana kila nikipiga simu nyumbani naulizwa unafanya nini hasa huko Ujerumani na kila siku najibu kivingine. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani pale Tanga kwamba mwanae anafundisha panya, kama wale wa APOPO Morogoro wanaonusa mabomu na TB, nimemwambia mama hapana, wale ni panya buku, wa kwangu ni vipanya vidogo vyeusi vya gramu ishirini na kitu na havijui kunusa chochote cha maana. "Sasa vinafanya nini?" Vinaumwa siku moja mama, alafu mi naangalia jeni zao. Kimya. "Haya mwanangu, ila uwe unakula."

Mradi wenyewe ni huu. Mwili ukihisi mdudu kaingia, seli za kinga zinatoa protini ndogondogo za kupeleka taarifa, ndo hizo sitokini, interferoni na wenzake, zinaingia kwenye damu zinazunguka mwili mzima. Ni kama adhana ya alfajiri, inasikika mtaa mzima ila kila nyumba ina namna yake ya kuamka. Ini linasikia, bandama inasikia, mapafu na figo pia. DNA ni ileile kwenye seli zote hizo, sasa kwanini ini liwashe jeni hizi na bandama iwashe zile? Na zinazima baada ya mda gani? Ndo ninachotafuta.

Bakteria hai hatutumii. Tunatumia LPS, kipande cha mafuta na sukari kinachokaa kwenye ganda la nje la bakteria kama E. coli, unamdunga panya tumboni kidogo sana, miligramu 1 kwa kilo, yaani panya wa gramu 25 anapata maikrogramu 25. Mwili unadhani umevamiwa kumbe hakuna mtu. Kundi moja tunachukua viungo baada ya masaa 2, jingine 6, jingine 24, na la nne ndo kontroli, hao wanadungwa maji ya chumvi tu. Panya 24, sita kila kundi, madume matatu na majike matatu, viungo vinne kwa kila panya, jumla sampuli 96 ambazo zinajaa sawasawa kwenye pleti ya matundu 96. Hesabu ya kibali, ya panya wangapi wanatosha, tuliifanya na ikakubali, lakini tusidanganyane, 24 ilipendwa kwasababu ya pleti.

Supavaiza kasisitiza kitu kimoja mara tatu: wote wauawe saa ileile, saa 9 alasiri, haijalishi walidungwa lini. Kwahiyo wa masaa 6 wanadungwa saa 3 asubuhi, wa masaa 2 wanadungwa saa 7 mchana, wa 24 wanadungwa jana yake. Nimeandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

23 Januari

Siku mbili za kuvuna zimeisha, panya 12 juzi, 12 jana. Nimechoka hata kula sitaki (mama asisome hapa).

Wale wa LPS masaa 6 ukiwaangalia unajua tu, manyoya yamesimama, wamejikunyata kona moja, macho nusu. Kuna fomu tunajaza alama kila baada ya mda na panya akizidi kiwango anaondolewa hapohapo, hakuna mjadala. Sijazoea na sitaki kuzoea.

Bandama ya panya ni kitu kidogo chekundu cheusi, imelala chini ya mfuko wa chakula upande wa kushoto kama ulimi wa mjusi, unaivuta kwa koleo dogo, unaitenganisha na mafuta, unaikata vipande viwili, kimoja kwenye tyubu, inazama kwenye nitrojeni ya kimiminika na ile sauti ya tsss. Toka panya anakufa mpaka tyubu inazama tunajipa dakika 5 kwa viungo vyote vinne, zaidi ya hapo jeni zinaanza kubadilika zenyewe kwa kukosa damu na unakuwa unapima kifo badala ya kinga.

Siku ya pili mchana ulikuwa umebana sana, mikono minne tu, mimi na mama mmoja fundi wa maabara ambaye kwakweli bila yeye huu mradi haupo. Tukapunguza msongamano, kontroli watatu tukawamaliza mapema ili alasiri tubaki na wa LPS. Hawa si wazima tu.

31 Januari

Wiki nzima ya TRIzol, hii kemikali ya pinki inayonuka kama dawa ya choo iliyokasirika. Unasaga kipande, unaweka klorofomu, unatikisa, unazungusha kwenye sentrifuji, inatoka tabaka tatu: chini pinki, katikati utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, juu maji maangavu. RNA, ile nakala ya jeni iliyowashwa ambayo ndo naipima, ipo juu. Unashuka na ncha ya pipeti taratibu pembeni mwa tyubu, unanyonya kidogokidogo, na unaacha kipande hata kama roho inauma, maana ukiugusa tu ule utando umebeba DNA na protini na kila uchafu. Sampuli ya 14 niliugusa. Nikarudia toka mwanzo.

Ini lilinichekesha. Nimeweka alkoholi nikaona donge jeupe nono chini ya tyubu, nikashangilia RNA bwerere, kumbe nyingi ni glaikojeni, wanga ambao ini limejiwekea. Na sasa hivi nikifikiria, wale wa masaa 24 donge lao lilikuwa dogo. Nimeiandika pembeni.

Bandama nayo ina vimeng'enya vingi vya kukata RNA, ukichelewa unabaki na unga. Sampuli mbili zimetoka na ubora mbovu, nina vile vipande vya akiba namshukuru Mungu.

7 Februari

qPCR ya kujaribu kabla ya kupeleka kusomwa RNA yote. Ni kipimo kinachozidisha nakala za jeni moja mzunguko kwa mzunguko, iliyokuwa nyingi inaonekana mapema. Nimepoteza siku mbili kwasababu ya Gapdh. Kila mtu anakwambia Gapdh ni jeni tulivu, pimia wenzake kwa hiyo. Aisee, Gapdh ni jeni ya kuvunja sukari, seli ya kinga ikichochewa inaanza kula sukari kama harusi, jeni inapanda, rula yako imerefuka alafu unashangaa kitambaa kimekuwa kifupi. Nimehamia Hprt pamoja na nyingine mbili, ndo mambo yakatulia.

Cha kufurahisha ni Saa1 (jina la jeni, sio saa 1) kwenye ini. Kontroli inaonekana mzunguko wa 27, ya masaa 24 inaonekana mzunguko wa 18. Mizunguko tisa, kila mmoja ni mara mbili, yaani zaidi ya mara 500! Kwa wasiojua, hospitali ukipimwa kama una uambukizi wanaangalia CRP kwenye damu, ini la binadamu ndo linaitengeneza. Panya CRP yake haipandi hivyo, yeye kinara wake ni SAA, protini inayotoka kwenye hiyo Saa1, kwahiyo usije ukampima panya CRP ukasema mzima.

Jirani wa maabara kaniuliza kama nataka kujaribu panya wa C3H/HeJ, wale wasiosikia LPS kabisa. Hao ndo kundi la Bruce Beutler walitumia wakaonyesha mwaka 1998 kwamba kinachosikia LPS ni kipokezi kinaitwa TLR4, jamaa wana kosa la herufi moja tu kwenye hiyo jeni, asidi amino namba 712 ikabadilika, wakawa viziwi. Beutler akapata Nobel 2011. Ningependa, ila kibali changu hakina hao na kuomba kipya huku ni miezi.

28 Februari

Data imerudi!! Sampuli 96. Nimekaa na seva usiku kucha, kupanga vipande kwenye jinomu, yaani DNA yote ya panya, kuhesabu, kuingiza kwenye DESeq2, programu ya takwimu.

Kitu cha kwanza naangalia siku zote ni jinsia. Xist inasikika kwa majike tu, Ddx3y kwa madume tu, ukiona jike lina Ddx3y kuna mtu kachanganya tyubu. Na kweli, figo mbili zimebadilishana. Nimeenda friza kuziangalia, namba zimefutika nusu, alkoholi ilimwagikia kalamu. Nimezirudisha mahali pake, tuendelee.

Cha pili ndo kimeniumiza. Ukichora ramani ya kuona sampuli zipi zinafanana, ini la LPS limejipanga vizuri, masaa 2 huku, 6 kule, 24 kule mbali. Lakini kontroli sita, ambao hawajapata kitu zaidi ya maji ya chumvi, wamegawanyika makundi mawili. Watatu hapa, watatu pale. Kwenye bandama mgawanyiko ni mdogo, kwenye ini ni kama miji miwili. Nikadhani ni siku ya kuvuna, lakini wa LPS nao walivunwa siku mbili tofauti na hawajagawanyika. Nikadhani ni uchafu, ni pleti, ni fundi, ni mimi. Saa 8 usiku nimefunga laptopu.

1 Machi

Nimeacha kuhangaika na ramani nikauliza swali la kijinga: ni jeni gani hasa zinawatofautisha hawa watatu na wale watatu? Nikazipanga kwa ukubwa. Juu kabisa ipo Dbp. Chini yake Per3, Per2, Nr1d1, na upande wa pili inayopingana nazo ni Arntl, ile watu wanaiita Bmal1.

Hizo ni jeni za saa ya mwili. Hakuna hata moja ya kinga.

Taa za chumba cha panya zinawaka saa 12 asubuhi zinazima saa 12 jioni. Ini linafuata. Bmal1 iko juu alfajiri inashuka mchana, Dbp inafanya kinyume, asubuhi chini, alasiri inapaa mpaka kileleni, na tofauti yake sio ndogo, ni moja ya jeni zinazopanda na kushuka kupita zote kwenye ini. Sasa wale kontroli watatu Dbp yao iko chini na Bmal1 iko juu. Ini lao linasema ni asubuhi. Jedwali langu linasema 15:00, wote 24, mstari baada ya mstari 15:00.

Nikamwamini nani? Jedwali. Nikatumia mchana mzima kutafuta kama taa za kile chumba zilizimika siku hiyo.

2 Machi

Nimefungua daftari.

Naandikaga daftari kwa Kiswahili, ni mazoea tu. Siku ya kwanza kurasa zote nimeandika "saa 9 alasiri", na wakati wa kujaza jedwali nikabadilisha vizuri, 15:00, 15:00, 15:00. Siku ya pili, kwenye kontroli watatu, mwandiko wa haraka haraka na tone la TRIzol pembeni: "kontroli, saa 3". Yaani saa 3 asubuhi, 9:00 ya wazungu. Na mimi wiki tatu baadae nimekaa na safu ndefu ya 15:00 kichwani, kichwa kishakuwa cha kizungu, nikaona 3, nikaandika 15:00.

Nimecheka peke yangu maabara mpaka yule mama fundi akaja kuangalia. Nikamweleza kwamba kwetu siku inaanza jua likichomoza, kwahiyo saa tisa yao ni saa tatu yetu. Akafikiria kidogo akasema mbona ndo inaleta maana zaidi. Nikamwambia hata panya wanahesabu hivyohivyo, na si uongo, watu wa saa za mwili wanahesabu toka taa zinapowaka, saa sifuri ni taa kuwaka, saa 9 alasiri yangu kwao ni ya 9 na saa 3 asubuhi ni ya 3. Kumbe mimi na ini la panya tulikuwa tunasema lugha moja, jedwali ndo lilikuwa geni.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na hilo siwezi kucheka nalo: kuamua kuwamaliza mapema kwasababu "hawa si wazima tu". Kama ningewaacha hao watatu ndani, ningeandika kwamba LPS inapandisha Dbp kwenye ini, wakati ni jua tu.

Nimemwambia supavaiza. Kanyamaza kama mama alivyonyamaza. Watatu wanatoka kwenye uchambuzi, kibali kina panya wa akiba, tunarudia kontroli watatu, saa 9 alasiri, na tunazisoma upya pamoja na baadhi ya RNA za zamani ili tujue tofauti ipi ni ya panya na ipi ni ya mashine.

24 Machi

Kontroli wapya wameingia, wamekaa na wale watatu wa mwanzo kama ndugu. Sasa naweza kuongea kuhusu kinga.

Wimbi la kwanza, masaa 2, karibu viungo vyote vinafanana. Jeni zilizopanda ni Tnf, Il6, Cxcl1, na Nfkbia. Hapa anayefanya kazi ni NF-kB, protini ambayo siku za kawaida imefungwa kamba nje ya kiini cha seli, taarifa ikifika aliyeifunga anavunjwavunjwa, yenyewe inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Ninachopenda ni kwamba moja ya jeni za kwanza kuiwasha ni Nfkbia, ambayo ndo inatengeneza ile kamba. Yaani katoka jela na kitu cha kwanza anaagiza pingu mpya. Bila hivyo moto hauzimi.

Wimbi la pili, masaa 6, ni la interferoni. Makrofaji (seli za kinga zinazomeza wadudu) zilizosikia LPS zinatoa interferoni beta, jirani zake wanaisikia, ndani ya seli protini JAK1 na TYK2 zinawasha nyingine, STAT1 na STAT2, hao wanamchukua IRF9 wanaenda wote watatu kwenye DNA. Jeni za interferoni, Ifit1, Isg15, Rsad2, Usp18, zote juu. Mx1, nyingine ya interferoni, nimeitoa kwenye picha ingawa kila mtu anaipenda, kwasababu panya wetu wa C57BL/6 wana Mx1 iliyokatika kipande, haifanyi kazi, na kwa vile jinomu ya kulinganishia imetoka kwa haohao C57BL/6 huwezi hata kuliona pengo.

Alafu masaa 24 bandama inarudi kawaida taratibu, figo inarudi, ini ndo kwanza limekolea. Saa1, Saa2, Lcn2, Hamp. Na sehemu kubwa ya seli za ini hazijibu LPS yenyewe sana, zinajibu IL-6 iliyotoka kwa makrofaji, kupitia STAT3. Yaani ini linaisikia adhana kwa kuambiwa na jirani. Hamp inatengeneza hepsidini inayoficha chuma isionekane kwenye damu, Lcn2 inanyang'anya vile vinasa chuma vya bakteria, zote mbili lengo ni kumnyima mdudu chakula. Na ili ini lipate nafasi ya hizo kazi linapunguza nyingine: albumini inashuka, Cyp3a11 inayosafisha dawa inashuka sana.

Kwanini STAT3 iwashe Saa1 kwenye ini na sio kila mahali kwa ukubwa ule? Milango. Seli ya ini imekua ikiwa na protini HNF4A na C/EBP zimeshafungua sehemu zake za DNA, makrofaji ina PU.1 imefungua za kwake. STAT ikifika haivunji ukuta, inaingia pale palipofunguliwa zamani. Nataka kulipima hili kwa ATAC-seq, kuona milango yenyewe, ila pesa bado.

Kuna dosari moja sijaimaliza. Yale madonge madogo ya glaikojeni ya masaa 24, panya mgonjwa hali, kwahiyo sehemu ya ninachokiona kwenye ini ni njaa. Nimelinganisha na jeni zinazojulikana kupanda ini likikaa na njaa na kweli baadhi zipo. Kontroli wa kunyimwa chakula kiasi kilekile ndo dawa, na hao sina.

5 Aprili

Mapafu. S100a8 na S100a9 zimepanda vibaya mno na nilishaanza kuandika "mapafu yanawasha S100a8". Nikafuta. Hizo jeni zimejaa kwenye neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, na ukimdunga panya LPS neutrofili zinakimbilia kwenye vimishipa vya mapafu ndani ya masaa machache. Hakuna aliyewasha kitu, wageni wamefika nyumbani na viatu vyao. Mimi nimesaga kipande kizima kwa pamoja, wenyeji na wageni, siwezi kuwatofautisha kwa hakika. Bandama ina shida hiyohiyo kinyume chake, limfosaiti (seli nyeupe za aina nyingine) zinakufa au kuhama na jeni zao zinaonekana "zimezimwa".

Kwahiyo kwenye ripoti mapafu na bandama nitaandika kwa tahadhari, ini na figo kwa sauti kubwa kidogo. Dogo mmoja wa masta kanishauri niweke tu zote maana picha ya mapafu ndo nzuri kuliko zote. Nzuri kweli, ndo maana naiogopa.

18 Aprili

Jirani kanipa maini na bandama za panya wasio na Ifnar1, kipokezi cha interferoni ya aina ya kwanza, alishawahi kuwadunga LPS masaa 6 kwa kazi yake na kontroli wao wapo. Kitu cha kwanza nilichouliza ni waliuawa saa ngapi. Kaniangalia. Saa nane mchana wote, ya kwao au ya kwetu nikauliza, tukahakikisha ni 14:00.

qPCR imetoka leo. Tnf inapanda kama kawaida, Saa1 pia, maana hizo hazipiti huko. Ifit1 imeporomoka ukilinganisha na panya wa kawaida ila haijafa, kwenye bandama bado inapanda kiasi. Mwanzo nilidhani nimekosea, alafu nikakumbuka protini IRF3 inaweza kuiwasha Ifit1 moja kwa moja kutoka TLR4 bila kumsubiri interferoni, na interferoni gama nayo ina kipokezi chake kingine kabisa.

Lakini iliyoniweka kwenye kiti ni kontroli. Panya wazima, hawajadungwa LPS, wasio na Ifnar1 wana Stat1 na Irf7 za chini kuliko wazima wa kawaida. Maana yake panya wa kawaida hata akiwa hana ugonjwa wowote kuna interferoni kidogo inasemasema muda wote, kama redio iliyoachwa jikoni, na seli zinabaki na STAT1 ya kutosha kwa siku ya shida. Isaacs na Lindenmann walipoipa jina interferoni mwaka 1957 London walikuwa wanaangalia virusi vya mafua kwenye utando wa mayai ya kuku, mimi naikuta kwa panya asiyeumwa.

Kesho narudia hiyo ya kontroli, RNA mpya, panya wanne wanne. Tyubu nimeziandika kwa penseli, na pembeni ya kila saa nimeweka neno asubuhi au mchana.